Maji ya Kushindwa

Nilikusudia kukosa. Nimelikana jambo hili kwa muda mrefu, kwa uso mkavu, mbele ya watu wazima na mbele ya watoto wa shule, lakini ukweli ndio huo. Jioni ile nyuma ya kanisa, Laini Saba, mtaani Kibera, nikiwa nimesimama na mpira wa kikapu mkononi na watu wote wananitazama, nilikusudia kwa moyo wangu wote kukosa. Mpira ukaingia.

Hadithi ninayoisimulia siku zote ni nyingine. Ndani yake kuna timu mbili dhaifu, zote zinataka kushindwa, na kuna mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ambaye dakika ya mwisho dhamiri inamshika. Anaitazama ringi, anakumbuka heshima, anatupa, anaingiza. Niliwahi kuisimulia kwenye siku ya kutoa zawadi katika shule moja ya wasichana. Mwalimu mkuu alitoa kitambaa akajifuta macho. Nami nikajifuta yangu, maana kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuiamini.

Siku hizi vijana wanaofuatilia mpira wa kikapu wa Marekani hubishana kama ni haki timu mbovu ijiangushe makusudi ili ipate kuchagua wachezaji wapya kabla ya wengine. Wakisikia kwamba niliwahi kucheza, huniuliza. Wanadhani mtu wa makamo aliyesoma lazima awe na jibu. Sina. Nina mitungi ya maji, mkokoteni mmoja, na simu.

Ilikuwa miaka ya tisini, na chuo kilikuwa kimefungwa tena. Waliokuwapo hawataniuliza kwa nini. Chuo siku hizo kilifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu asiyepatana na majirani. Nilirudi kwa mama Laini Saba na sanduku la vitabu vya uchumi, nikaingia tena katika timu ya wanawake ya mtaa, ambako nilisifika kwa kukimbia vizuri bila mpira.

Ligi yetu aliianzisha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni hata siku ya harusi. Ndugu yake aliyeishi ng'ambo alimtumia kanda za video za mpira wa Marekani, na mwalimu alizitazama kama wengine wanavyosoma Zaburi. Humo ndimo alimotoa kanuni yake. Kila mwaka, wasichana waliomaliza kidato cha nne na waliotaka kucheza walijiandikisha kwake. Ligi ikiisha, timu iliyoshika mkia ilichagua kwanza, iliyoitangulia ikachagua ya pili, na kuendelea hivyo hadi mabingwa, ambao waliokota kilichobaki.

"Mnyonge apewe nguvu," mwalimu alisema, "ndipo mchezo ukue."

Mkewe alimsikiliza siku hiyo, akamuuliza kama hao wasichana ni ng'ombe wa kupelekwa kichinjioni Dagoretti. Basi mwalimu akaongeza kipengele cha pili: msichana aliyechaguliwa anaweza kuikataa timu ya kwanza, akaenda kwa ile iliyochagua ya pili. Hapo tena hana kauli. Mkewe alisema angalau ni kitu.

Kapteni wetu aliielewa kanuni hiyo haraka kuliko mimi mwenye vitabu. "Ni chama tu cha kuchangiana," alisema. "Aliye na shida nyingi anapokea mbele."

"Na mtu akijifanya ana shida?" nikamuuliza.

"Hujifanya. Na sisi humjua."

Kapteni aliuza samaki wa kukaanga kando ya reli. Alikuwa mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Magharibi, na mpira alifundishwa na watawa katika shule ya wamisheni huko kwao. Alipiga pasi ambazo sijaona mtu mwingine akipiga. Mpira ulitoka mkononi mwake kama anayekupa mtoto umshike. Tatizo ni kwamba hakukuwa na wa kuzipokea. Sisi wengine tulikuwa wafupi, au waoga, au, kama mimi, vyote viwili. Miaka yote aliyocheza, timu yetu ilikuwa mkiani au karibu na mkia, na sasa magoti yalikuwa yameanza kumwambia habari. Akishuka kutoka kwenye tuta la reli alikuwa akiteremka kwa upande, kama kaa.

Mwaka huo kulikuwa na msichana mtaa wa Kawangware. Habari zake zilitufikia kabla hatujamwona: mrefu, mikono ya kuning'inia, anadaka mpira hewani kama anachuma pera. Kapteni aliacha karai lake kwa jirani siku nzima, jambo ambalo sijui kama aliwahi kulifanya hata alipojifungua, tukaenda naye kwa miguu mpaka Kawangware kumtazama akicheza mechi yake ya mwisho ya shule.

Baada ya mchezo tulimngoja langoni. Alikuja akiinama kidogo, kama watu warefu waliozoea milango ya mabati. Kapteni akamsalimu, akamwambia sisi ni wa timu ya Laini Saba.

"Mnanitaka, ama mmepitia tu?" msichana akauliza.

"Tunakutaka, mwanangu."

"Kila mtu husema hivyo." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mama akifa, mjomba alisema hivyo. Halafu shangazi. Sasa niko kwa shangazi mwingine hapa. Naye alisema."

Kapteni alimshika mkono, akaugeuza, akautazama ule mkono mrefu mbele na nyuma. Tulipofika Makina, karibu na kwetu, ndipo alipofungua kinywa.

"Mwaka mmoja tu," alisema. "Nicheze na huyo mwaka mmoja, halafu hata magoti yaende."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu yote. Nilimpenda yule mwanamke. Nilitaka apate mwaka wake mmoja.

Nikaketi na vitabu vyangu. Ligi ilikuwa imebakiza mechi moja, na mechi yenyewe ilikuwa kati yetu na Kawangware, uwanjani kwetu. Timu hizo mbili ndizo zilizokuwa chini kabisa, sawa kwa pointi. Kwa kuwa Kawangware walitufunga mzunguko wa kwanza, hata tukitoka sare, maana ligi yetu haikuwa na muda wa nyongeza, mkia ungekuwa wetu. Ni ushindi tu ambao ungetuharibia. Nilifurahi sana nilipoligundua hilo. Mhadhiri wetu alikuwa ametuambia kwamba mwanadamu huenda panapomfaidi, na hapa ilionekana kwamba palipotufaidi ni chini.

Nilimweleza Kapteni kwenye mazoezi, nikichora kwa kijiti mavumbini. Alisikiliza huku akifunga viatu.

"Hebu pole pole, msomi. Unasema tushindwe."

"Si kushindwa tu, Kapteni. Kushindwa kwa mpango."

"Mimi nimeshindwa bila mpango miaka yote hii, na imenichosha. Sasa nianze kushindwa kwa bidii?"

"Ni mara moja tu. Halafu tunampata yule msichana."

"Na nikimpata nitamwambia nilimpata aje? Nilianguka mpaka nikamwangukia?" Akasimama, goti likalia. "Jumamosi tunacheza. Mtu asiniletee hesabu uwanjani."

Wengine walicheka. Kapteni alipoondoka hawakucheka tena. Walinisogelea mmoja mmoja wakaniuliza niwaonyeshe tena ule mchoro.

Kuna desturi moja ya uwanja wetu ambayo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyotuumbua. Uwanja ulikuwa wa udongo mtupu, na ringi ilichomelewa na fundi wa jua kali pale pale kando ya reli. Kiangazi vumbi lilipanda mpaka refa alikuwa akiamua faulo kwa kusikia. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba timu inayoshindwa hunyunyizia uwanja maji kabla ya kwenda nyumbani, ili vijana wa Jumapili waukute umetulia. Tuliyaita maji ya kushindwa. Na kwetu sisi maji si jambo dogo. Jumamosi mifereji ilitoa maji asubuhi. Kufikia saa sita ilikuwa inakohoa hewa tu. Ukishindwa jioni, unapanda na kushuka Kibera nzima na mtungi mgongoni ukitafuta mwenye huruma. Wengi walisema hicho ndicho kilichowafanya wacheze kwa nguvu, wala si kombe.

Sasa fikiria mtu mwenye akili, aliyesoma, anayejua tangu asubuhi kwamba jioni atashindwa. Atafanya nini? Atateka maji mapema.

Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mfereji. Wenzangu walinisaidia kubeba. Tukaipanga mitungi ya manjano ukutani mwa kanisa, pembeni mwa uwanja, nikaifunika kwa leso ya kujifunga ya mama. Nilijiona jenerali.

Kapteni alifika, akaitazama leso, akaenda akaifunua ncha.

"Haya maji ni ya nani?"

Wenzangu wote wakaanza kukaza kamba za viatu.

"Yangu," nikasema. "Nina nguo za kufua."

"Mitungi yote hii?"

"Za kampasi zilirundikana."

"Kwani chuo kizima kilikupa nguo zake kikafunga?"

Aliniangalia kwa muda. Sijui kama aliniamini. Ni mtu aliyependa kuamini, na kwa watu kama hao huwezi kujua. Aliirudisha leso taratibu, akaipigapiga kama anayemfunika mtoto.

Hapo ndipo Kawangware walipofika. Walikuja kwa miguu, wamevaa fulana zao nyekundu, wakiimba, na nyuma yao alikuwa mtu wa mkokoteni anayetokwa na jasho, na mkokoteni umejaa mitungi ya maji mpaka juu.

Kicheko kikaanzia upande wa wauza mahindi kikazunguka uwanja mzima.

"Ngai! Mbona mnacheka?" Kapteni wao, msusi mmoja mnene mwenye kucha nyekundu, alishika kiuno. "Mgeni haendi kwa watu mikono mitupu. Tumewaletea zawadi."

"Zawadi ya maji?" mtu akapaza sauti. "Na wenyeji wanayo tayari, yamevaa leso!"

"Leo hakuna mechi hapa!" mwingine akasema. "Ni matanga mawili!"

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo nilipomwona yule msichana mrefu. Alikuwa amekuja na mashabiki wa kwao, amesimama nyuma ya wote, kichwa chake juu ya vichwa vyao, haoni haya wala hacheki. Alikuwa anatazama mkokoteni. Kisha akageuka akaitazama leso yangu. Alitazama moja, akatazama nyingine, kama mtu sokoni.

Mwalimu naye si mjinga. Alipuliza filimbi kabla hata ya kuanza, akatuita katikati. "Timu itakayocheza upuuzi naifuta kwenye kuchagua," alisema. "Nawajua nyote. Mama zenu nawajua." Kwa hiyo ikabidi tushindwe kwa adabu.

Sijawahi kucheza mchezo mgumu kama ule. Kushindwa bila kuonekana kunahitaji ustadi, na hakuna timu iliyokuwa nao. Tungekuwa nao tungekuwa tunashinda. Tulikimbia sana. Tulipigiana kelele za kutiana moyo. Mpira ukinijia niliurusha kwa nguvu mahali ambapo hapakuwa na mtu, na dada wa Kawangware alikuwa akiukimbilia, anaukosa kidogo tu, anapiga paja lake kwa uchungu. Wakati mmoja nilijikuta nimesimama uso kwa uso na mlinzi wao.

"Pita, dada," alininong'oneza. "Mimi sikuoni."

"Pita wewe. Wewe ndiye mgeni."

"Siwezi kumtangulia mwenyeji."

Filimbi ikalia, mwalimu akatutazama kwa jicho moja.

Na katikati ya haya yote alikuwako Kapteni, anacheza. Alicheza kweli. Alipiga zile pasi zake kwetu sisi wenye mikono ya mbao, na zilipotuponyoka aliziokota mwenyewe, akaenda na mpira kwa yale magoti, akaingiza. Watu wa Kawangware walimfungulia njia, kisha waliona aibu, wakamfunga njia kidogo. Sisi wenzake tulikuwa tunamkwepa. Alikuwa anashindana na uwanja mzima, wapinzani na wenzake pia. Sikujua nimtazame aje. Kila alipoingiza nilipiga makofi, na kila alipoingiza roho yangu ilizama, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Kufikia mwisho tulikuwa sawa. Giza lilikuwa linakaribia na watu wa kwaya walikuwa wakingoja kupita. Sare ilitutosha. Nilikuwa nimeanza kupumua, nikiwa chini ya ringi yao kwa bahati mbaya, ndipo Kapteni aliponipa mpira, na kabla sijaupoteza, dada mmoja wa Kawangware akanikumbatia kwa mikono miwili kama tumepotezana tangu utotoni.

"Samahani, dada," alisema sikioni. "Mungu atakulipa."

Faulo. Mitupo miwili ya bure, mimi peke yangu mbele ya ringi, hakuna wa kunizuia. Mmoja tu ukiingia tumeshinda, na yule msichana ameenda.

Wa kwanza niliutupa juu ya ubao, ukavuka, ukagonga mabati ya kibanda kule nyuma. Ulikuwa mtupo mbaya wa kweli, niliujivunia. Mwalimu alikunja uso. Kapteni akanijia, anachechemea, akanishika bega.

"Usiogope," alisema. "Tupa tu. Nimeona vile umekimbia leo."

Ninawaapia, nilitaka kulia. Lakini nilijua ninachotaka: nilitaka awe na mwaka wake mmoja, na njia ya kumpa mwaka huo ilikuwa kuukosa mpira huu. Kushoto kwa ubao kulikuwa na bolti kubwa iliyotokeza, kazi ya yule fundi, na kila mtu Laini Saba alijua kwamba mpira ukigonga bolti unaruka mpaka relini. Nikailenga bolti. Katika maisha yangu yote ya mchezo sikuwahi kulenga kitu nikakipata. Niliipata. Mpira ukagonga bolti, ukapanda juu moja kwa moja, ukafikiri kidogo, ukashuka katikati ya ringi bila kugusa chuma.

Nilikuwa mchezaji mbovu kiasi kwamba hata kukosa kulinishinda.

Au mkono ulinikataa? Hili ndilo ambalo sijalimaliza mpaka leo. Pengine mkono ulikuwa umemsikia Kapteni kuliko kichwa kilivyomsikia. Lakini najua nilipolenga, na nilipolenga hapakuwa ringi.

Kawangware waliruka, wakakumbatiana, wakalia kwa furaha, kisha wakakumbuka kwamba wameshindwa, wakainamisha nyuso. Walinyunyizia uwanja maji kwa nyimbo. Sijaona tena uwanja ukinyunyiziwa vile. Msusi mnene alikuwa anabariki udongo kwa mikono yote miwili. Wenzangu walinipita bila kuniangalia. "Msomi," mmoja alisema, "bora chuo kifunguliwe." Lakini Kapteni alinivuta kando, akanikumbatia, ananukia samaki na jasho.

"Kumbe ni wewe tu uliyekuwa na mimi," alisema. "Wale wengine niliwaona. Wewe, nilipoona yale maji, nilikufikiria vibaya. Unisamehe."

Ungekuwa wewe, ungemwambia nini? Nilisema, "Hapana shida, Kapteni."

Kesho yake nilifua. Ilinibidi. Nilifua nguo zangu, za mama, mashuka, mapazia, na bado maji yalibaki, nikaomba nguo za majirani. Nilizianika kamba mpaka kamba, na Kapteni alipopita na karai lake alitabasamu. Kufikia jioni mikono ilikuwa imekunjamana na uongo wangu ulikuwa safi kabisa.

Siku ya kuchagua, Kawangware walimtaja yule msichana kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Tukaja sisi wa pili, tukataja jina lingine bila raha. Ndipo msichana akasimama, akasema hajakubali wala hajakataa. Alitaka kwanza kuongea na watu wa Laini Saba, si hapa mbele za watu. Angepiga simu Jumapili, baada ya misa. Akikataa Kawangware, ni wetu. Yule mwingine tuliyemtaja angekwenda kwao. Mwalimu alimtazama mkewe. Mkewe akasema kanuni ni kanuni.

Nani alikuwa na simu? Mzee mmoja mwenye duka Makina alikuwa nayo, chini ya kaunta, imevishwa kitambaa cha kufuma kama buli la chai. Tulimpa msichana namba hiyo. Wiki nzima nilijiuliza atasema nini, na wiki nzima nilijiuliza nataka aseme nini. Kama anataka watu waaminifu, alikuwa na Kapteni, na alikuwa na mimi wa uongo. Kama anataka jambo lingine, sikulijua. Kapteni yeye hakujiuliza. Jumapili alivaa rinda lake la kanisani na viatu vya mchezo, kwa ajili ya magoti, akasema ameota wakicheza.

Mzee wa Makina alitukaribisha kwa adabu ya pale, akatutolea kigoda kimoja, na kila mmoja wetu akamwachia mwenzake, kikabaki kitupu. Simu ikalia. Mzee akaivua kitambaa, akasikiliza, akampa Kapteni.

"Hallo, mwanangu," Kapteni alisema, kwa sauti ya juu, kama anayeita ng'ambo ya mto. "Sisi wazima. Ee. Ee." Kisha akashangaa kidogo. "Anataka wewe," akaniambia. "Aliyeingiza." Alinipa simu, akabaki amesimama karibu kabisa, bega kwa bega na mimi. Alichoweza kusikia ni maneno yangu tu.

"Sasa," nikasema.

"Poa. Ni wewe yule dada wa kampasi?" Nyuma yake kulikuwa na honi na mtu anayeita abiria. "Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Wale wa huku walisukuma maji kutoka Kawangware mpaka huko. Uliona?"

"Niliona."

"Wakachekwa na watu wote. Na walijua watachekwa. Mimi dada, kwetu mtu akinichukua ni kwa vile mwingine amechoka. Sijawahi kuona mtu akikubali kuonekana mjinga juu yangu. Sasa, hata nyinyi mlikuwa na maji. Niliyaona, na leso juu. Lakini ukaingiza. Nimefikiria hiyo kitu mpaka kichwa kinauma. Yale maji yalikuwa ya nini?"

Nilimtazama Kapteni. Alikuwa anatabasamu, macho yamekaa kwangu, na kidole kimoja kinapapasa kile kitambaa cha kufuma. *Kumbe ni wewe tu uliyekuwa na mimi.*

"Dada? Niambie tu ukweli. Kama yalikuwa kwa ajili yangu, leo leo nawakataa hawa, nakuja kwenu. Yule mama anapiga pasi poa."

"Yalikuwa..." nikasema.

Kapteni akaniinulia nyusi, kunitia moyo. *Tupa tu.*

"Yalikuwa ya kufulia," nikasema. "Nilikuwa na nguo nyingi."

"Mitungi yote?"

"Yote. Na mapazia."

Nilisikia honi, na yule mwita abiria, na pumzi ya msichana.

"Sawa, dada," akasema. "Basi mwambie mama nitacheza huku." Simu ikakatika.